Mgeni wa Sataranji na Namba 1500: Nani Alipe Gharama ya Kutojuana?



Leo naomba tuziweke kando siasa za nyumbani, tuzungumze sataranji. Najua wengi wenu mnacheza kimyakimya usiku watoto wakishalala, na kila tukikutana harusini au matangani, mazungumzo yanafika huko huko: ile mashine inayotupangia wapinzani mtandaoni, je, inatenda haki au haitendi?

Wako wanaosema mashine ni hakimu mwadilifu kuliko binaadamu yeyote. Haijui kabila lako, haijui umesoma wapi, haijui baba yako alikuwa nani. Inatazama namba yako na namba ya mwenzio, ikiona zimekaribiana inawakutanisha, basi. Wako pia wanaosema mashine hiyo hiyo inawaonea wageni: mtu anajiandikisha leo, anapigwa mechi tano mfululizo, anaondoka na hasira zake. Mie nasema wote wawili wameshika nusu ya ukweli. Hesabu yenyewe ni ya haki, na tena ina adabu kuliko tunavyodhani. Kinachokosa haki ni namna hesabu hiyo inavyotumiwa na inavyoonyeshwa kwa watu, kwa sababu inachanganya mambo mawili yasiyofanana hata kidogo: mtu ASIYEJULIKANA, na mtu ANAYEJULIKANA kuwa ni wa katikati.

Sie tuliohamia ugenini tofauti hii hatuhitaji kufundishwa. Unafika na shahada zako na umri wako wa mtu mzima, unakwenda benki, unaulizwa historia yako ya mikopo. Huna, maana umefika mwezi uliopita. Basi unahudumiwa kama yule aliyekopa akakimbia. Yeye wanamjua, wewe hawakujui, lakini mlango mnaofungiwa ni mmoja. Nashika hapo hapo, ndipo penye hoja yangu.

TUANZE NA HESABU

Nitatumia neno "kiwango" kwa ile namba inayoandikwa pembeni ya jina la mchezaji. Aliyeitengeneza kama tunavyoijua ni Arpad Elo, mzaliwa wa Hungary mwaka 1903, aliyekuwa profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Marquette, mjini Milwaukee, Marekani. Shirikisho la Sataranji la Marekani liliupokea mfumo wake mwaka 1960, na shirikisho la dunia, FIDE, likaupokea mwaka 1970. Fikra yake ni nyepesi na nzuri: tofauti ya viwango vya watu wawili inatabiri matokeo. Ukimzidi mwenzio kwa pointi 100, utarajie kuvuna kama pointi 64 katika michezo 100. Ukimzidi kwa 200, kama 76. Ukimzidi kwa 400, kama 91. Ukivuna zaidi ya ulivyotarajiwa unapanda, ukivuna pungufu unashuka.

Tatizo la mfumo wa Elo ulio mtupu ni kwamba unazungumza kwa sauti ile ile juu ya kila mtu. Mzee aliyecheza michezo elfu mbili na kijana aliyejiandikisha asubuhi, wote wana namba moja tu. Ndiyo maana mashirikisho yakatia viraka. FIDE, kwa mfano, humpa mchezaji mpya kizidishi cha 40 mpaka atimize michezo 30, kisha 20, na aliyewahi kufika 2400 hubaki na 10. Maana yake ni kwamba namba ya mgeni inaruhusiwa kuruka haraka, ya mwenyeji inatembea polepole. Ni kiraka kizuri, lakini ni kiraka.

Mwaka 1995 Mark Glickman, mwanatakwimu wa Kimarekani, akaleta mfumo aliouita Glicko, na baadaye Glicko-2. Yeye alimpa kila mchezaji namba MBILI. Ya kwanza ni kiwango. Ya pili mie naiita shaka: ni kiasi gani mfumo hauna uhakika na hicho kiwango. Mgeni anaanza na kiwango 1500 na shaka 350. Ukizisoma namba hizo kama mwenyewe alivyokusudia, unaweka mara mbili ya shaka huku na huku, unapata kwamba mfumo unasema hivi: "Nadhani, kwa uhakika wa kama 95 kwa 100, mtu huyu yuko baina ya 800 na 2200."

Jamani, hebu itazameni hiyo sentensi. Wa 800 ni mtu anayemwacha malkia wake aliwe bure. Wa 2200 ni mtu ambaye wengi wetu hatutamfunga mpaka tunaingia kaburini. Mfumo unakiri kwa ulimi wake kwamba HAUJUI. Hiyo ndiyo adabu niliyoitaja. Mwanachuoni akisema sijui, huwa amefika mbali.

Tovuti kubwa mbili za leo, Chess.com iliyoanza 2007 na Lichess iliyoanzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010, zote zinatumia hesabu za ukoo huu. Ya kwanza Glicko, ya pili Glicko-2. Basi adabu hiyo inapotelea wapi? Inapotelea njiani, baina ya hesabu na kioo cha simu yako. Mbele ya jina la mgeni panaandikwa namba moja. Lichess, haki yao tuwape, wanatia alama ya kuuliza pembeni ya kiwango mpaka shaka iteremke chini ya 110. Lakini alama ya kuuliza haikwambii kama swali ni dogo au kubwa. Namba ya pili ipo, ila lazima uichimbe kwenye kurasa za takwimu, na wachimbaji ni wachache.

NANI ANALIPA?

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, wanadhani mgeni mwenye nguvu anamwibia mwenyeji. Nimepiga hesabu kwa fomula aliyoichapisha Glickman mwenyewe, nikichukua kila mchezo kuwa kipindi kimoja. Mwenyeji ana kiwango 1500 na shaka 50, yaani mtu anayejulikana vizuri. Mgeni ana 1500 na shaka 350. Mgeni akishinda, anapanda pointi 175, anafika 1675. Mwenyeji aliyefungwa anapoteza pointi 5, tena hazitimii. Angefungwa na mwenyeji mwenziwe wa 1500 angepoteza 7. Unaona? Mfumo unamwambia mwenyeji: huyu aliyekufunga simjui vizuri, kwa hiyo sitakuhukumu sana. Na kwa mchezo huo mmoja tu, shaka ya mgeni inateremka kutoka 350 hadi 248. Kwa Elo mtupu wenye kizidishi cha 20, mgeni angepata 10 na mwenyeji angepoteza 10, kana kwamba wote wawili tumewajua tangu utotoni.

Kwa hiyo upande wa pointi, mwenyeji hana la kulalamika. Pointi 5 zinarudi kesho kabla ya chai.

Sasa tugeuze upande wa pili. Mgeni ni mtu mzima aliyejifunza mchezo mwaka jana, nguvu yake ya kweli ni kama 1000, lakini mfumo umemwandikia 1500 na kumpeleka kwa watu wa 1500. Kwa hesabu za Elo, matarajio yake katika mchezo ule wa kwanza ni kama pointi 5 katika michezo 100. Yaani amepelekwa kuchinjwa. Akifungwa anashuka hadi 1325. Anapangwa na mwenyeji wa 1325, bado mkubwa kwake, anafungwa, anafika 1208. Kisha 1120. Kisha 1050. Mchezo wa tano anafika 992, na hapo ndipo mahali pake. Mashine sasa inafurahi: imemjua! Imemjua kwa kumpiga mara tano.

Hesabu imefanya kazi nzuri sana. Lakini ada ya kujulikana imelipwa yote na mtu mmoja, yule asiye na kitu. Mwenyeji kalipa pointi zisizotimia 5, mgeni kalipa vipigo vitano, na hakuna aliyemwambia kwamba vipigo vile vilikuwa ni kipimo. Yeye anajua tu kwamba kapigwa.

Na si nadharia hii. Nina shemeji yangu Muscat, mhandisi aliyestaafu, mtu makini. Wajukuu walimfundisha, akaipenda, akajiandikisha kwenye tovuti moja. Baada ya jioni mbili akanipigia simu: "Bwana shemeji, huu mchezo wa watoto wa siku hizi, mie umri umenipita." Umri haujampita. Alikuwa anacheza na watu waliomzidi kwa pointi mia tatu na mia nne, na hakuna aliyemweleza kwamba angevumilia jioni moja zaidi angewakuta wenziwe. Hajarudi tena mpaka leo.

Upande mwingine wa sarafu ni mtoto wa jirani yetu huku Uingereza, umri miaka 13, amefundishwa na babu yake tangu ana miaka 6. Alifungua jina jipya, akashinda michezo saba mfululizo. Wa saba aliyefungwa akamwandikia kwenye kisanduku cha maneno: "mwizi". Yaani anatumia kompyuta. Kijana akaja kwangu machozi yanamtoka. Hakuna aliyemwonyesha yule mpinzani kwamba 1500 ya mtoto huyu ilikuwa haina maana yoyote, kwamba ilikuwa 1500 ya "hatujui". Aliona namba sawa na yake, akaona amefungwa kama asiyejua kitu, akafikia hitimisho ambalo namba ile ilimsukuma afikie. Najua wezi wapo, na tovuti zote mbili hurudisha pointi kwa waliofungwa na mtu aliyethibitika kudanganya. Lakini mgeni hodari na mwizi, ukiwatazama kwa mbali katika michezo kumi ya mwanzo, wanafanana sura. Ndiyo maana namba inayojifanya kujua ina hatari: inamfanya mtu mwema aonekane mhalifu.

MAJIBU MATATU YASIYOTOSHA

La kwanza: "Wageni wote waanzishwe chini, tuseme 800, wapande wenyewe." Linapendeza kwa mara ya kwanza. Shemeji yangu angepona. Lakini yule mtoto wa miaka 13 sasa angepita katikati ya wanagenzi kama trekta, na kila mmoja wao angemlipia ada. Ukishusha namba ya mwanzo hujaondoa gharama ya kutojuana, umeihamisha kutoka kwa mgeni dhaifu kwenda kwa wenyeji dhaifu. Namba ya kuanzia si jambo la kiufundi tu. Ni uamuzi wa NANI ALIPE, na uamuzi huo mtu anaufanya ofisini bila ya kumuuliza yeyote.

La pili: "Mgeni aulizwe mwenyewe." Chess.com wanafanya hivyo, unapojiandikisha unaulizwa wewe ni mwanagenzi, wa kati, au umebobea, na namba yako ya mwanzo inafuata jibu. Ni afadhali kuliko kubahatisha. Ila waungwana, hebu tuwe wakweli. Mswahili gani aliyelelewa vizuri ataulizwa "wajua?" akajibu "nimebobea"? Fundi wa bao anayeogopwa mtaa mzima, ukimwuliza atakwambia "nabahatisha tu". Na kuna mila nyingine, sitazitaja, ambako mtu akishajua farasi anaruka vipi anajiita bingwa. Swali hilo linapima malezi kabla ya kupima sataranji.

Nalisema hili kwa uzoefu wa kazi. Mie kazi yangu ni kufundisha Kiswahili chuoni, na kila mwaka nawapangia wanafunzi wapya madarasa yao. Yupo anayeandika kwenye fomu "sijui sana, nasikia kidogo tu", unamfungulia mdomo unakuta ni mtoto wa Mombasa anayekushinda mafumbo. Yupo aliyeandika "fasaha" kwa sababu alipanda Kilimanjaro akajifunza "pole pole". Ndiyo maana hatutegemei fomu. Tunamkalisha mtu dakika kumi, tunamwuliza swali la kati, akilijibu tunaruka mbali juu, akishindwa tunashuka, na katika maswali manne au matano tunajua. Tofauti na sataranji ni moja, lakini kubwa: mwanafunzi wangu ANAJUA kwamba anapimwa. Akikosa jibu harudi nyumbani akidhani ameshindwa masomo.

La tatu: "Wageni wacheze wao kwa wao mpaka wajulikane." Hili ndilo baya kuliko yote, na ndilo linalopendwa zaidi na wenyeji, maana pale mtu anapoweza kuchagua mpinzani, wengi wakiona alama ya kuuliza wanamkwepa mwenye nayo. Rudini kwenye hesabu. Mgeni akicheza na mwenyeji anayejulikana, shaka yake inashuka kutoka 350 hadi 248 kwa mchezo mmoja. Akicheza na mgeni mwenziwe inashuka hadi 290 tu. Sababu iko wazi: ukimfunga mtu asiyejulikana, umethibitisha nini? Watu wawili waliopotea hawaonyeshani njia. Kuwatenga wageni ni kuwachelewesha kujulikana, halafu tunawalaumu kwa kutojulikana kwao.

Kutengana kuna madhara mengine. Miaka ya 1990 huko Virginia, Marekani, mfungwa mmoja, Claude Bloodgood, alicheza michezo mingi sana ya kuhesabiwa na wafungwa wenziwe gerezani. Wao hawakuwa na mtu mwingine wa kucheza naye. Kufikia mwaka 1996 kiwango chake kikavuka 2700, akawa miongoni mwa wenye namba za juu kabisa nchini humo, wakati nguvu yake ya kweli haikukaribia hapo. Namba ni ya kundi, si ya mtu. Inakwambia tu ulivyosimama mbele ya wale uliocheza nao. Ndiyo maana vilevile 1500 ya Lichess si 1500 ya Chess.com, na hakuna kati ya hizo iliyo 1500 ya FIDE. Sie ambao vyeti vyetu vilishawahi kupimwa "usawa" na maofisa wa nchi nyingine, hapo tucheke kidogo tuendelee.

HATA WAKUBWA WAMEKIRI

Asidhani mtu kwamba haya ni malalamiko ya wachezaji wa usiku tu. FIDE wenyewe, baada ya uchambuzi wa mtafiti wa takwimu za sataranji Jeff Sonas, walibadili kanuni kuanzia tarehe 1 Machi 2024. Wachezaji wote walio chini ya 2000 waliongezewa sehemu ya 40 kwa 100 ya pengo baina ya kiwango chao na 2000. Aliyekuwa na 1500 akawa na 1700. Kiwango cha chini kabisa kikapandishwa kutoka 1000 hadi 1400. Na mchezaji mpya, katika hesabu yake ya kwanza, anachukuliwa kana kwamba ametoka sare mara mbili na wapinzani wa kubuni wenye 1800.

Kwa nini? Kwa sababu kwa miaka mingi wageni, hasa watoto wanaokua haraka, waliingizwa na namba ndogo kuliko nguvu zao, wakawa wanawanyonya wenyeji pointi, na wenyeji nao wakawanyonya wengine, mpaka namba zote za chini zikazama. Wale wapinzani wa kubuni wa 1800 ni namna ya taasisi kusema: michezo michache haitoshi kutuambia wewe ni nani, basi tuizuie isitupeleke mbali. Unaweza kubishana na namba waliyoichagua. Mie ninachopenda ni kwamba gharama ya kutojuana, kwa mara hii, wameiweka kwenye daftari la taasisi badala ya kuitupa mabegani mwa mgeni peke yake.

HAKI INGEKUWAJE?

Kabla ya namba, watu walikuwa wanapambanishwa vipi? Katika mikahawa ya sataranji ya karne ya 19, Café de la Régence mjini Paris na Simpson's Divan mjini London, mkubwa alimpa mdogo nafuu: anaondoa askari wake mmoja, au farasi, au hata ngome, ndipo mchezo unaanza. Paul Morphy aliporudi Marekani kutoka Ulaya mwaka 1859, alikuwa hakubali tena kushindana na mtu nchini kwake bila ya kumpa askari mmoja na hatua ya kwanza. Mtu anaweza kuona ni kiburi. Mie naona kulikuwa na ukweli ndani yake: wote wawili walijua nani ni nani, na mdogo akifungwa alijua kafungwa na mkubwa.

Kwetu nako, mgeni akifika barazani penye bao hapewi fundi wa mtaa siku ya kwanza. Anakaa, anatazama, anatazamwa anavyoshika kete. Halafu mtu wa kati, mwenye subira, anaambiwa: "Cheza naye huyu." Kila mtu barazani anaelewa kinachofanyika. Hakuna anayesema mgeni ni wa kati kwa sababu amekalishwa na wa kati. Ndiyo maana tukasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo watu huitumia kumsema mgeni mzito, lakini isomeni upya: zile siku mbili ni HAKI yake.

Kwa hiyo mie napendekeza hivi:

1. Mgeni aonyeshwe kwa mpaka, si kwa namba moja. Badala ya "1500" paandikwe "800 hadi 2200", na mpaka huo ufinywe kila anapocheza. Hesabu inaujua tayari, hapana gharama yoyote ya kuuandika.

2. Michezo mitano ya mwanzo iitwe kwa jina lake: michezo ya kupimwa. Mgeni aambiwe kabla: "Utakutana na watu wa nguvu mbalimbali, huenda ukafungwa mara nyingi, tunatafuta mahali pako." Sentensi moja tu hiyo ingembakisha shemeji yangu.

3. Mgeni apangwe na wenyeji wenye shaka ndogo, si na wageni wenziwe, na wenyeji hao wawe wamekubali. Tovuti ikitaka iwasamehe kabisa zile pointi 5. Nina hakika wapo watakaojitolea. Kila mji wa ugenini una yule mzee anayempokea kila aliyeshuka uwanja wa ndege.

4. Kabla ya mchezo wa kwanza, apewe mafumbo kumi ya sataranji kutoka mepesi hadi magumu. Yasiwe hukumu, yawe ni ya kuchagua tu wapi aanzie kupimwa. Ni bora kuliko kumwuliza mtu ajisifu.

5. Tuhuma za wizi dhidi ya mwenye mpaka mpana zipelekwe kimya kwa wanaohusika kuchunguza, na mpinzani aonyeshwe waziwazi kwamba aliyemfunga bado hajulikani.

Najua mtakaloniuliza: ukiweka masharti yote haya, mtu atangoja mpinzani mpaka lini? Ni swali la haki. Tovuti kubwa yenye watu mamilioni (Chess.com walitangaza kuvuka wanachama milioni 100 mwezi Desemba 2022) haitakosa wenyeji wa kujitolea saa yoyote. Tovuti ndogo, saa tisa za usiku, haina budi kumchukua aliyepo. Hapo sawa, mchukueni aliyepo, lakini MWAMBIENI. Upungufu wa watu unaeleza kwa nini umepangwa na mkubwa. Haumzuii mtu kukwambia kwamba umepangwa na mkubwa.

Pia kuna watakaosema nakuza jambo, kwamba mchezo ni mchezo na asiyeweza kufungwa mara tano akacheze karata. Nawajibu hivi. Kufungwa si tatizo. Ukipangwa na watu wa namba yako utafungwa nusu ya maisha yako, na hakuna njama hapo, ndiyo maana ya kupangwa sawa. Tatizo ni kuambiwa kwamba mpinzani wako ni sawa na wewe wakati aliyekwambia hajui, tena ameiandika kutojua kwake kwenye daftari la nyuma. Anayefungwa na aliyemzidi hujifunza. Anayefungwa na aliyeambiwa ni sawa naye huanza kujidharau.

Na ndiyo maana nikaona jambo hili ni letu, ingawa kanuni zake zimeandikwa Milwaukee na Boston. Ulimwengu unazidi kutupanga kwa namba: mkopo, kodi ya nyumba, ajira, hata bima ya gari. Kila pahala penye namba pana mgeni asiye na namba, na kila pahala panatolewa jibu moja la uvivu: mwandikie ya katikati, au mwandikie ya chini, atajijua mwenyewe. Glickman alionyesha tangu mwaka 1995 kwamba kuna jibu jingine, nalo linaingia katika mstari mmoja wa hesabu: andika unachokijua, na pembeni yake andika kiasi usichokijua. Tunachowadai wenye tovuti ni kwamba huo mstari wa pili wasiufiche.

Naomba kutoa hoja. Wanatakwimu mliomo humu nisahihisheni fomula, na mabingwa wa bao mniambie kama nimeisema vibaya baraza. Ila kabla hamjanijibu, nendeni mkamtazame mgeni mmoja mwenye alama ya kuuliza, mkubali kucheza naye. Pointi 5 hazitakuuweni.

Wasalaam.